UZI: Barbara Kimenye, mama aliyetuandikia Moses. Kutoka Bukoba hadi Mengo na Nairobi

Mleta uzi

Wakuu, heshima zenu.

Kitabu cha kwanza nilichosoma bila kuamriwa na mwalimu hakikuwa na jalada. Kaka yangu alirudi nacho likizo kutoka shule ya bweni. Kilikuwa kimepita mikono mingi mpaka kurasa za mwanzo zimeng'oka, na mtu fulani huko bwenini alizinakili kwa kalamu ya bluu kwenye karatasi za daftari, akazishonea kwa uzi mweusi zisipotee. Nilikuwa darasa la sita na Kiingereza changu kilikuwa cha kuombea maji. Nikakaa nacho chini ya mgomba nyuma ya jiko, kamusi pembeni. Jioni ikaingia nikiwa palepale, mama ananiita nikachote maji na mimi nasikia kama anaitwa mtu mwingine.

Kitabu chenyewe kilikuwa *Moses*. Yule aliyenakili zile kurasa hakusahau kuandika jina la mwandishi juu kabisa: Barbara Kimenye. Sisi ni watu wa Kagera, na Kimenye masikioni mwetu ni jina la nyumbani. Nikamuuliza baba kama huyu ni mtu wetu. Akasema ni wetu, ila ametoka mbali.

Wiki iliyopita mpwa wangu, yuko kidato cha pili, aliniambia Kimenye alikuwa mwanaume wa Uganda. Nikaona nisiliache lipite. Nimesoma habari za mama huyu kwa miaka mingi, kipande huku kipande kule, na leo nataka nizipange mahali pamoja. Nitaandika kwa awamu kwa sababu ni ndefu. Mwenye la kuongeza aongeze.

Mleta uzi

Nianze na huko mbali alikotoka.

Alizaliwa tarehe 19 Desemba 1929 mjini Halifax, katika jimbo la Yorkshire, kaskazini mwa Uingereza. Mama yake alikuwa Mwingereza mwenye asili ya Kiyahudi aliyeingia Ukatoliki. Baba yake alikuwa daktari aliyetoka visiwa vya Karibi. Jina lake la kuzaliwa ni Barbara Clarke Holdsworth. Fikirieni mtoto wa rangi ile, katika mji wa viwanda wa kaskazini mwa Uingereza, miaka ya 1930. Alisoma shule ya sekondari ya wasichana ya Keighley, na inasimuliwa kwamba akiwa na miaka 11 tu alikwishajifundisha mwenyewe kupiga taipu na akawa anatoa kijarida chake. Mimi napenda kuamini kwamba mwandishi wa baadaye alikuwa tayari pale, anagonga mashine kwa vidole viwili, anatafuta wasomaji.

Baada ya shule akaenda London kusomea uuguzi, na hapo ndipo maisha yake yalipogeukia kwetu. London ya wakati ule ilikuwa imejaa wanafunzi kutoka makoloni, na wengi wa vijana wa Afrika Mashariki aliokutana nao walikuja kuwa viongozi wa nchi zao. Mmoja wa vijana hao alikuwa Bill Kimenye, mtoto wa chifu kutoka Bukoba. Wakaoana. Katikati ya miaka ya 1950 wakaja nyumbani, Tanganyika, kwenye ukingo wa Ziwa Viktoria.

Kwa wasioijua Bukoba ya wakati ule niseme kidogo. Ilikuwa nchi ya kahawa na migomba. Chama kikuu cha ushirika cha wakulima wa kahawa kilikuwa kimeundwa mwaka 1950. TANU ilizaliwa Julai 1954, na kadi zake zilikuwa zimeanza kusambaa vijijini. Shule za serikali ya kikoloni zilikuwa bado zimegawanywa kwa rangi: za Wazungu, za Waasia, za Waafrika. Sasa mwanamke ambaye huwezi kumweka kwenye boksi lolote kati ya hayo matatu anashuka Bukoba akiwa mke wa mtoto wa chifu, anaingia kwenye ukoo, kwenye lugha, kwenye taratibu za wakwe. Watu wa kwetu mnajua mkwe wa Kihaya anavyotazamwa tangu anapovuka kizingiti.

Ndoa haikudumu. Akavuka mpaka kwenda Uganda na watoto wake wawili wa kiume.

Kijana wa Moshi

Mkuu, shukrani kwa uzi. Ila mbona alikimbilia Uganda na asiende Dar au arudi kwao?

Mleta uzi

Ndugu yangu, chukua ramani. Kutoka Bukoba kwenda Kampala unapita Kyaka, unavuka Kagera, unaingia Mutukula, unapita Masaka, umefika. Dar es Salaam iko zaidi ya kilomita elfu moja upande mwingine. Kwa watu wa kwetu Kampala imekuwa mji wa jirani tangu zamani. Wazee wetu walikwenda Buganda kulima pamba na kahawa, kutafuta shule na hospitali, na Kihaya na Kiganda ni lugha zenye undugu. Isitoshe, rafiki zake wa London wengi walikuwa pale, na sasa walikuwa watu wakubwa.

Mkubwa kuliko wote alikuwa Kabaka, yaani mfalme wa Buganda, Edward Mutesa II. Mutesa alisoma Cambridge, na mwaka 1953 Gavana wa Kiingereza, Cohen, alimfukuza nchini akaishi uhamishoni London hadi 1955. Kabaka ndiye aliyemwalika Barbara afanye kazi katika serikali ya Buganda kama katibu wake binafsi. Akaishi na wanawe Mengo mjini Kampala, karibu na Lubiri, jumba la Kabaka.

Naomba mtulie hapa kidogo, maana kwangu ndipo penye ufunguo wa kazi yake yote. Mengo ilikuwa makao ya ufalme, lakini pia ilikuwa kama kijiji kikubwa chenye habari za kila mtu. Nani kapandishwa kuwa mkuu wa gombolola (kata ya Buganda), nani anamgombania nani shamba, nani kaja na zawadi ya mbuzi akiwa na lake moyoni. Katibu wa Kabaka anaona barua zote na anasikia mashtaka yote. Mwandishi mwenye sikio zuri akiwekwa mahali kama pale hawezi kukosa hadithi.

Baadaye akaingia kwenye uandishi wa habari, katika gazeti la *Uganda Nation*. Mwaka 1965 akahamia Nairobi, akafanya kazi *Daily Nation*, kisha *East African Standard*. Gazeti linamfundisha mtu kukata maneno. Ukisoma sentensi za Kimenye utaona: fupi, kila moja inabeba kitu, hakuna anayezungukazunguka.

Mwalimu mstaafu

Nimefurahi sana kuona jina hili. Mimi nimefundisha fasihi ya Kiingereza sekondari miaka mingi. Kabla ya kufika kwa Moses, tafadhali usiipite *Kalasanda*. Watu wengi wanamjua kwa vitabu vya watoto tu na wanasahau kwamba alianza kwa wakubwa.

Mleta uzi

Shikamoo mwalimu. Sitaipita, nilikuwa naielekea.

*Kalasanda* ilitoka 1965, Oxford University Press, na mwaka uliofuata ikafuatiwa na *Kalasanda Revisited*. Ni mikusanyo ya hadithi fupi kuhusu kijiji cha kubuni cha Buganda. Hakuna shujaa mmoja. Kuna wambeya, wakubwa wa kata, wazee wa kanisa, wanawake wanaoshindana nani mwenye heshima zaidi. Kimenye alikuwa miongoni mwa wanawake wa kwanza wa Uganda kuchapishwa kwa Kiingereza.

Hadithi moja humo, "The Winner", wengi mtakuwa mmekutana nayo kwenye mikusanyo ya shule. Mzee Pius Ndawula anashinda bahati nasibu ya mpira. Usiku mmoja tu, ndugu ambao hajawahi kuwaona wanafurika nyumbani kwake. Kila mmoja ana udugu wa kueleza, kila mmoja ana biashara anayotaka mzee aiwekee fedha. Anayebaki akimjali kama zamani ni rafiki yake Salongo, mlinzi wa kaburi la Ssabalangira, mkuu wa wana wa kifalme. Nani kati yetu hajaona jambo hili? Mtu akipata kiinua mgongo, utashangaa ukoo ulivyo mpana.

Ila mimi kinachonigusa zaidi ni tarehe. Kitabu cha pili kimetoka 1966. Mwaka huohuo, tarehe 24 Mei, majeshi ya Obote yalishambulia Lubiri, Kabaka akaponea chupuchupu, akaenda tena uhamishoni London na kufia huko Novemba 1969. Mwaka 1967 katiba mpya ikafuta falme zote za Uganda. Kwa hiyo ule ulimwengu wa wakuu wa gombolola na adabu za Mengo, ambao Kimenye aliuandika kwa upendo na kicheko, ulikuwa unavunjwa wakati wino wa kitabu haujakauka vizuri. Yeye mwenyewe alikuwa ameondoka Kampala mwaka mmoja tu kabla. Kila ninaposoma vichekesho vya Kalasanda nakumbuka kwamba ile nyumba aliyoishi ilikuwa jirani na jumba lililoshambuliwa kwa mizinga.

Mleta uzi

Sasa Moses.

Kimenye alikuwa na mazoea ya kuwasimulia wanawe hadithi, na vitabu vyake vya watoto vilitokana na masimulizi hayo. Mfululizo wa Moses ulianza mwishoni mwa miaka ya 1960, nao Oxford University Press, ukaendelea kitabu baada ya kitabu miaka ya 1970. Moses ni mvulana mtundu ambaye anapelekwa shule ya bweni ya wavulana walioshindikana. Shule yenyewe ina jina refu kuliko sifa zake: Mukibi's Educational Institute for the Sons of African Gentlemen. Marafiki zake wanajulikana kwa majina ya utani, King Kong na Itchy Fingers.

Nimewahi kukaa usiku mzima najaribu kulitia jina la shule hiyo katika Kiswahili. "Taasisi ya Elimu ya Mukibi kwa Watoto wa Waungwana wa Kiafrika." Neno waungwana ndilo linalobeba mzigo wote. Muungwana kwa Kiswahili cha kale ni mtu huru, asiye mtumwa. Halafu likawa mtu wa adabu, mwenye tabia njema. Sasa hebu waone hao watoto wa waungwana: wametimuliwa kwingine, wanatoroka, wanadokoa. Na bado shule inajipa jina hilo ili wazazi waridhike kulipa ada. Kwa neno moja Kimenye amemwonyesha mtoto jinsi wakubwa wanavyojipamba.

Na Itchy Fingers? Ukitafsiri neno kwa neno unapata "vidole vinavyowasha", na msomaji atadhani kijana ana upele. Mimi ningemwita Mdokozi. Huko bwenini kwetu tulikuwa na Mdokozi wa kwetu. Sukari yako ikipungua kwenye tranka unajua pa kuanzia kuuliza.

Nikija kwenye hoja yangu yenyewe, iliyonifanya nifungue uzi huu: Kimenye alimheshimu mtoto kama msomaji kamili. Vitabu tulivyopewa shuleni vilikuwa vinatufundisha jambo. Sungura mwongo anakamatwa. Mtoto mkaidi anaumwa na nyoka. Ukifika katikati umeshajua adhabu inakuja, na unasoma ukiwa umejikunja kama mtu anayesubiri fimbo. Moses hakunifanyia hivyo. Moses anafanya kosa kwa sababu ana njaa, au amechoka kuonewa, au ana wazo zuri ambalo halikwenda vizuri. Wakubwa nao wanakosea. Wanaogopa aibu. Wanabania fedha. Mtoto anayesoma anagundua, peke yake, kwamba dunia ya wakubwa haijanyooka kama anavyoambiwa, na kwamba urafiki wa vijana wale bwenini ni kitu cha kushikilia kwa nguvu. Hayo ni maadili pia, ila hayakuandikwa kwenye ubao mwishoni.

Dada wa Kampala

Mimi nimesoma Moses yote iliyokuwepo maktaba ya shule yetu, na nilikuwa naificha ndani ya kitabu cha Baiolojia wakati wa prepu. Ila niseme kitu kilichonikaa tangu utotoni. Ni wavulana watupu. Nilikuwa natafuta msichana wa kufanana na mimi, mwenye utundu kama wa Moses, simpati. Mwandishi alikuwa mwanamke. Kwa nini asitupe hata mmoja?

Mleta uzi

Dada, umenishika pabaya, na sitakujibu kwa kujitetea. Wanawe walikuwa wavulana, na masimulizi yalianzia kwao, kwa hiyo naelewa yalikotoka. Lakini mtoto wa kike aliyekuwa anasoma Nairobi au Gulu au Mwanza mwaka 1970 hakujua habari za wanawe. Alichoona ni kwamba vituko ni vya wavulana. Hilo ni pengo, na kulisema hakumpunguzii mama wa watu heshima. Nadhani hata yeye, aliyekuwa msichana wa kutoa kijarida akiwa na miaka 11, angekusikiliza.

Niongeze tu kwamba hakuandika Moses peke yake. Ana vitabu zaidi ya 50. Vimo vya watoto wadogo, kama *Martha the Millipede*, na vimo vya vijana wakubwa vya miaka ya 1990, *Beauty Queen* kwa mfano, ambapo msichana yuko katikati. Havikupata umaarufu wa Moses, na hilo nalo ni la kusikitisha.

Kijana wa Moshi

Mimi nina swali gumu kidogo, mkuu usinikasirikie. Huyu amezaliwa Uingereza, mama Mwingereza, ameandika kwa Kiingereza, ametumia mtindo wa hadithi za shule za bweni za Waingereza, amechapishwa na Oxford, na amefia London. Kwa kigezo gani tunamwita mwandishi wa Afrika?

Mleta uzi

Sikukasirikii hata kidogo, mdogo wangu. Ni swali nililojiuliza mwenyewe.

Tuchukue la bweni kwanza. Ni kweli, Waingereza walikuwa na hadithi za namna hiyo kwa miongo mingi kabla yake, na pengine alizisoma akiwa mtoto. Lakini bweni halikuwa ndoto ya Kiingereza tu wakati huo. King's College Budo ilifunguliwa 1906. Alliance ya Kikuyu ilianza 1926. Kwetu Bukoba iko Ihungo. Maelfu ya watoto wa Kiafrika walikuwa wanaondoka nyumbani na tranka kichwani, wanalala kwenye vitanda vya chuma, wanaamshwa na kengele, wanakula maharage yenye wadudu, wanaogopa viranja kuliko simba. Maisha hayo yalikuwepo na hakuna aliyekuwa ameyaandika kwa ajili ya watoto waliokuwa wanayaishi. Kimenye akaja akayaandika na vumbi lake, na majina yetu na njaa yetu. Ukimpa mtoto wa London *Moses* atahitaji kuelezwa mengi. Mtoto wa Masaka hahitaji kuelezwa kitu.

La Oxford: wakati huo wachapishaji waliokuwa tayari kutoa hadithi za watoto Waafrika ndio kwanza walikuwa wanaanza. East African Publishing House iliundwa Nairobi mwaka 1965. Mwaka 1966 Mkenya Charity Waciuma akatoa *Mweru, the Ostrich Girl* kwao, na mwaka huohuo kule Nigeria Chinua Achebe akatoa *Chike and the River*, naye kwa mchapishaji wa Uingereza, Cambridge. Ulikuwa ni upepo mmoja unaovuma bara zima: nchi zimepata uhuru, shule zinajaa, na watoto wanasoma juu ya theluji na bustani za waridi ambazo hawajawahi kuziona. Kimenye aliushika upepo huo mapema kuliko wengi.

La kuzaliwa sasa. Mtu aliyelea watoto wake Mengo, aliyefanya kazi kwa Kabaka, aliyekaa kwenye vyumba vya habari vya Kampala na Nairobi, aliyeandika juu ya watu hawa kwa miongo mitatu na kurudi tena na tena kila alipoondoka, mimi siwezi kumwambia pasipoti yake inasema nini. Baba yangu alisema ni wetu, ila ametoka mbali. Bado naona baba alilimaliza.

Mwalimu mstaafu

Niruhusu kuongeza ushuhuda wa darasani. Nilikuwa na kawaida, Ijumaa kipindi cha mwisho, kuwasomea wanafunzi sura moja ya Moses. Sikuuliza maswali, sikutoa zoezi. Mkaguzi mmoja aliwahi kuingia akaniuliza lengo la somo ni nini. Nikamwambia asikilize. Darasa zima lilikuwa linacheka, na waliokuwa hawajaelewa neno walikuwa wanawauliza wenzao kwa kunong'ona, kwa haraka, wasipitwe. Vijana wale walijifunza Kiingereza zaidi kwenye dakika 40 hizo kuliko kwenye sarufi yangu ya wiki nzima. Hilo nimelishuhudia kwa macho yangu mwaka baada ya mwaka.

Mleta uzi

Mwalimu, ubarikiwe sana. Hiyo minong'ono ya haraka ndiyo niliyoshindwa kuieleza kule juu.

Namalizia safari yake.

Katikati ya miaka ya 1970 alirudi London. Uganda ilikuwa mikononi mwa Amin tangu Januari 1971. London alifanya kazi katika halmashauri ya Brent kama mshauri wa mahusiano ya watu wa rangi mbalimbali. Mtu aliyezaliwa vile, aliyeishi vile, nadhani hapakuwa na aliyefaa zaidi kwa kiti hicho. Na hakuacha kuandika.

Mwaka 1986 Museveni alipoingia madarakani alirudi Uganda, akakaa kama miaka mitatu, kisha mwaka 1989 akahamia tena Kenya. Alikaa hapo hadi 1998 alipostaafu na kwenda London. Akafariki tarehe 12 Agosti 2012, akiwa na miaka 82. Vitabu vyake vilikuwa vimeuza zaidi ya nakala milioni moja, Kenya, Uganda, Tanzania na kwingineko Afrika wanakosoma Kiingereza.

Nakala milioni moja, wakuu. Na hapo haihesabiwi nakala moja inavyosomwa na bweni zima. Cha kaka yangu kilikuwa kimesomwa na watu wangapi kabla ya kufika chini ya mgomba wetu? Arobaini? Mia? Zile kurasa zilizonakiliwa kwa mkono ni chapa ambayo hakuna mchapishaji aliyeihesabu.

Kitu kinachoniuma ni hiki. Nilikwenda kwenye duka moja kubwa la vitabu mwaka jana, nikauliza vitabu vya Kimenye. Kijana wa dukani alinitazama, akanionyesha rafu ya vitabu vya maswali na majibu ya mitihani. Rafu nzima, kutoka sakafuni hadi juu. Simlaumu yeye, anauza kinachonunuliwa. Lakini niliondoka pale na donge kooni. Tunawapa watoto vitabu vya kujibu, halafu tunashangaa hawapendi kusoma.

Dada wa Kampala

Huku bado vinapatikana kwa wauza vitabu vya mitumba barabarani, ukiwa na subira. Mkuu, ukihitaji niambie, nitakutafutia. Na mpwa wako mwambie ni mama, tena mama aliyekaa Mengo.

Mleta uzi

Dada yangu, nakushukuru mno. Nitakuandikia pembeni. Ukipata *Moses and the Kidnappers* na *Kalasanda* yoyote, hata kama ukurasa wa mwanzo haupo, chukua. Kalamu ya bluu ninayo na uzi mweusi nitanunua.

Kuhusu mpwa wangu: jana jioni nilimpa kile cha kaka, kilekile kisicho na jalada. Alianza kwa kuguna kwamba kimechakaa. Saa nne usiku mama yake amenipigia simu kuuliza nimempa mtoto kitu gani, maana ameitwa kula mara tatu na hajatoka chumbani.